Mpira wa mkojo: Mgonjwa arudipo nyumbani, nani atautunza na vipi?

NI hali inayojulikana katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira. Mzee aliyelazwa kwa sababu ya kushindwa kukojoa anaruhusiwa kwenda nyumbani, lakini anarudi akiwa na mpira mwembamba uliopenyezwa hadi kwenye kibofu chake, na mfuko wa plastiki unaoning'inia kando ya paja.

Alipokuwa wodini, kazi ya kuutunza mpira huo ilikuwa ya wauguzi. Pindi gari linapopita lango la hospitali na kuanza kupanda vilima vya kuelekea Marani, Manga au Ekerenyo, kazi hiyo huwa ya jamaa ambao pengine hawajawahi hata kuugusa.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kote duniani, mpira wa mkojo ni miongoni mwa njia kuu ambazo viini hutumia kuingia katika miili ya wagonjwa wanaotibiwa hospitalini. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo au yakiingia katika damu, yanaweza kumuua mtu ambaye maradhi yaliyompeleka hospitalini yalikwisha kutulia.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga haihitaji vifaa vya bei ghali. Inahitaji sabuni, maji safi, mikono iliyooshwa, na watu wa nyumbani wanaoelewa wanachokifanya na sababu ya kukifanya.

Mpira wenyewe ni nini?

Mpira wa mkojo, ambao wahudumu wa afya huuita katheta, ni neli laini inayopitishwa katika njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu. Ncha yake ya ndani ina matundu ambamo mkojo huingia, na karibu na ncha hiyo pana puto dogo.

Baada ya mpira kufika kibofuni, mhudumu hulijaza puto hilo kwa maji yaliyotakaswa, aghalabu mililita 10, akitumia bomba la sindano. Puto likishajaa, haliwezi kupita katika njia nyembamba ya mkojo, na hivyo mpira haudondoki.

Muundo huu ulibuniwa katika miaka ya 1930 na Frederic Foley, daktari wa njia ya mkojo nchini Marekani, na hadi leo mpira wa aina hiyo hujulikana kwa jina lake.

Kuwepo kwa puto ndiko kunakofanya iwe hatari kuuvuta mpira. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kutokana na kiharusi au homa kali anaweza kuung'oa puto likiwa bado limejaa, akachanika njia ya mkojo na kutokwa na damu nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, jamaa hawapaswi kuukata au kujaribu kuutoa wenyewe.

Nani huwekewa mpira?

Sababu ni nyingi. Kwa wanaume wazee, iliyo ya kawaida zaidi ni kuvimba kwa tezi dume, ambayo huizunguka njia ya mkojo. Tezi hiyo huendelea kukua kadiri umri unavyosonga, na inakadiriwa kwamba takriban nusu ya wanaume waliofikisha umri wa miaka 60 huwa na uvimbe wa aina hiyo usio wa saratani. Ikiibana njia kabisa, mkojo hukwama na maumivu yake hayasimuliki.

Wengine ni waliopatwa na kiharusi, na waliovunjika uti wa mgongo katika ajali za barabarani, zikiwemo za bodaboda, au kwa kuanguka kutoka mtini. Wapo pia wanawake waliojifungua kwa upasuaji, ambao kwa kawaida hukaa na mpira kwa muda mfupi tu, na wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kuziba nasuri ya uzazi.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii huwapokea wagonjwa wa aina hizi si tu kutoka Kaunti ya Kisii, bali pia kutoka kaunti jirani za Nyamira, Migori, Homa Bay na Narok. Wengine huhudumiwa katika hospitali ya rufaa ya Nyamira, hospitali za kaunti ndogo na zile za misheni kama ya Tabaka.

Kwa baadhi yao mpira ni wa siku moja au mbili. Kwa wengine, hasa wazee wanaosubiri upasuaji wa tezi au wasioweza kuustahimili kutokana na afya dhaifu, ni wa miezi au hata miaka. Hawa ndio wanaohitaji kuelewa utunzaji wake kwa undani.

Viini hupita wapi?

Mtu mwenye afya hulindwa na mkojo wake mwenyewe. Kila anapokojoa, mkojo husukuma na kutoa nje bakteria waliojaribu kupanda. Mpira huiondoa kinga hiyo, kwa kuwa njia hukaa wazi usiku na mchana na mkojo kidogo husalia chini ya kibofu pasipo kutoka.

Viini vina njia mbili za kupanda. Ya kwanza ni kupitia nje ya mpira, pale unapoingia mwilini. Hivi hutoka katika ngozi na kinyesi cha mgonjwa mwenyewe. Ya pili ni kupitia ndani ya mpira, kutoka kwenye mfuko au mahali mpira unapounganishwa na mfuko. Hivi aghalabu huletwa na mikono ya anayemhudumia.

Vikishafika, viini hivyo hujishikiza kwenye kuta za mpira na kujifunika kwa utando wa ute. Utando huo huvikinga dhidi ya dawa na dhidi ya askari wa mwili. Hii ndiyo sababu mgonjwa anaweza kumeza dawa, akapata nafuu kwa siku chache, kisha ugonjwa ukarejea ilhali mpira ni uleule.

Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku ambayo mpira unakaa mwilini, uwezekano wa bakteria kupatikana katika mkojo huongezeka kwa kati ya asilimia 3 na 7. Baada ya siku 30 hivi, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria hao, hata akitunzwa vyema.

Takwimu hizo hazimaanishi kwamba utunzaji ni kazi bure. Kuwepo kwa bakteria katika mkojo si sawa na kuugua. Lengo la utunzaji ni kuwachelewesha bakteria hao, kuwazuia wasipenye kwenye figo na damu, na kuhakikisha mkojo hauzibi.

Zamani, mkojo ulikuwa ukitiririka kutoka kwenye mpira hadi ndani ya chombo kilicho wazi kando ya kitanda. Mnamo 1966, watafiti wa Marekani Calvin Kunin na Regina McCormack walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mpira ukiunganishwa na mfuko uliofungwa, maambukizi hupungua kwa kiwango kikubwa. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa utunzaji hadi leo: mpira na mfuko ni kitu kimoja, na havipaswi kutenganishwa ovyo.

Utunzaji wa kila siku

Jambo la kwanza, na lenye uzito kuliko mengine yote, ni kunawa mikono kwa sabuni na maji kabla ya kuugusa mpira au mfuko, na kunawa tena baada ya kumaliza. Mahali ambapo maji huchotwa chemchemi na kubebwa kupanda mlima, ni vyema kutenga mtungi au kibuyu chirizi kwa ajili ya mgonjwa pekee, kisiwe kitu cha kutafutwa wakati wa haja. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati yanafaa pia kwa kazi hiyo, mradi yahifadhiwe katika chombo safi kilichofunikwa.

Pili, mgonjwa aoshwe sehemu za siri kwa sabuni ya kawaida na maji safi angalau mara moja kwa siku, na kila baada ya kwenda haja kubwa. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisisogezwe karibu na mpira. Mpira wenyewe upanguswe kuanzia mahali unapoingia mwilini kuelekea nje, kamwe si kinyume chake.

Wanaume wengi wa jamii ya Abagusii wametahiriwa, na hilo hurahisisha usafi. Kwa mgonjwa ambaye hajatahiriwa, govi livutwe nyuma, paoshwe, kisha lirudishwe mahali pake mara moja. Likiachwa nyuma linaweza kuvimba na kukaba, na hiyo ni dharura.

Hakuna haja ya kupaka dawa kali za kuua viini, poda au mafuta pale mpira unapoingia. Vitu hivyo huikera ngozi na havipunguzi maambukizi. Vivyo hivyo kwa majani na mizizi ya tiba ya kienyeji, ambayo huenda ikawa na viini vya udongo.

Tatu, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, mgonjwa awe amelala, ameketi au anatembea. Ukiinuliwa juu, mkojo uliokaa mfukoni pamoja na bakteria wake unaweza kurudi ndani. Hata hivyo, mfuko usilazwe sakafuni, hasa ikiwa ni sakafu ya udongo. Kama kitanda ni cha chini mno, mfuko uning'inizwe ubavuni mwa kitanda na uwekwe ndani ya beseni safi.

Kanuni hii husahaulika zaidi safarini. Katika matatu ya kwenda kliniki, mfuko hupakatwa au hata kuwekwa juu pamoja na mizigo. Mgonjwa amwage mkojo kabla ya kuondoka, kisha mfuko ukae karibu na miguu yake. Anayeweza kupata mfuko mdogo wa kufungwa mguuni, unaofichika ndani ya suruali au chini ya rinda, atasafiri kwa utulivu zaidi.

Nne, mpira ufungwe kwenye paja kwa plasta au utepe maalumu, ukiachiwa nafasi ya kutosha ili usivutike. Mpira unaocheza huikwaruza njia ya mkojo, na kidonda ni mlango wa viini. Aidha, neli isikunjike wala isilaliwe.

Tano, mfuko umwagwe unapokaribia kujaa theluthi mbili, au kila baada ya saa chache. Mkojo hutolewa kupitia kifereji kilicho chini ya mfuko, si kwa kuuchomoa mfuko kutoka kwenye mpira. Kifereji kisiguse chombo cha kupokelea mkojo. Chombo hicho kiwe cha mgonjwa huyo peke yake, kioshwe na kukaushwa, na mkojo umwagwe chooni.

Sita, mgonjwa anywe maji ya kutosha. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo au wa figo, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinafaa, uji na chai vikihesabiwa humo. Wazee wengi hupunguza maji wakidhani kwamba mkojo mchache ni usumbufu mdogo. Kinyume chake ni kweli: mkojo mzito huacha chembechembe zinazouziba mpira. Wenye maradhi ya moyo au figo wafuate kiwango walichopewa na daktari.

Saba, choo kisiwe kigumu. Kinyesi kilichojaa hukandamiza kibofu na mpira, na kufanya mkojo uvuje pembeni. Chinsaga, managu, viazi vitamu, matunda na maji husaidia, na katika eneo hili vyakula hivyo havipatikani kwa tabu.

Chinsoni na swali la nani wa kuhudumu

Maelezo yote hayo ni mepesi kuyasoma. Ugumu huja pale inapoulizwa: nani hasa atamwosha mzee?

Miongoni mwa Abagusii, uhusiano kati ya mzazi na watoto wake waliokomaa, na hasa kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, hutawaliwa na kanuni za heshima na haya zijulikanazo kama chinsoni. Wasomi Robert na Barbara LeVine kutoka Marekani, waliofanya utafiti katika jamii hiyo miaka ya 1950, walieleza jinsi kanuni hizo zilivyogusa maisha ya kila siku ya boma. Uchi wa mzazi ni jambo ambalo mwana hapaswi kuliona, sembuse mkaza mwana.

Kwa desturi hiyo, mzigo huangukia mke wa mgonjwa. Lakini mke huyo mara nyingi naye ni mzee, mwenye macho yaliyofifia na mgongo unaouma. Mgonjwa akiwa mjane, na watoto wake wa kiume wakiwa wanafanya kazi Nairobi au Nakuru, mkaza mwana ndiye mtu mzima pekee aliyebaki nyumbani. Yeye anaona haya kuuliza, mzee anaona haya kuomba, na mpira unakaa siku nyingi bila kuoshwa.

Waswahili walinena kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Si lazima mila ivunjwe ili mgonjwa apone, lakini ni lazima kazi igawanywe kwa uwazi.

Sehemu kubwa ya utunzaji haihusu uchi hata kidogo. Mfuko waweza kukaa nje ya blanketi. Kuumwaga, kupima mkojo uliotoka, kuchemsha maji, kupika uji, kuandika tarehe na kupiga simu hospitalini ni kazi ambazo mkaza mwana au binti anaweza kuzifanya bila kumkosea mzee heshima.

Kazi ya kuosha ndiyo inayohitaji mpango. Mgonjwa ambaye mikono yake ina nguvu afundishwe kujiosha mwenyewe kabla ya kutoka hospitalini, akitumia kioo kidogo ikiwa hawezi kuona vyema. Asiyeweza anaweza kusaidiwa na mjukuu wa kiume aliyekomaa, kwani desturi huruhusu uhuru zaidi kati ya babu na wajukuu kuliko kati ya baba na mwana. Wengine humtegemea ndugu wa rika lake.

Aidha, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa na kuwatuma vijijini kote nchini kuanzia Septemba 2023, wanaweza kuwa kiungo kati ya boma na kituo cha afya. Familia inaweza kuomba atumwe mwanamume kwa mgonjwa wa kiume, au mwanamke kwa mgonjwa wa kike. Kazi yao si kubadilisha mpira, bali kuangalia, kukumbusha na kutoa taarifa mapema.

Jambo la muhimu ni kwamba mtu atakayehudumu ajulikane kabla mgonjwa hajatoka wodini, na awepo muuguzi anapoeleza. Maelezo yanayotolewa kwa mtu aliyekuja kulipa gharama tu, kisha akapanda gari la kurudi mjini, hayamfikii mgonjwa.

Tarehe isiyosahaulika

Mpira una muda wake. Ule wa lateksi ya kawaida hubadilishwa takribani kila wiki nne, ilhali wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12. Mfuko nao hubadilishwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida kila baada ya siku tano hadi saba, au mapema ukivuja au ukichafuka.

Mgonjwa anapotoka hospitalini aulize mambo manne, na majibu yaandikwe katika daftari: mpira ni wa aina gani na ukubwa gani, uliwekwa tarehe ngapi, unatakiwa kubadilishwa au kutolewa tarehe ngapi, na wapi. Daftari hilo lisifungiwe sandukuni, kwani aliyeficha tarehe huenda asiwe nyumbani siku ikifika.

Mpira uliopitiliza muda hujaa chembechembe ngumu za chumvi. Bakteria aina ya Proteus huzidisha tatizo hilo kwa kuufanya mkojo upoteze asidi yake, hali inayosababisha chumvi kuganda kama mawe. Mpira huziba, na ukitolewa kwa nguvu huumiza njia yote.

Kazi ya kubadilisha mpira ni ya mhudumu aliyefunzwa, anayetumia glavu na vifaa vilivyotakaswa. Haifai kufanyiwa nyumbani na mtu yeyote aliyewahi kuona ikifanywa.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa iwapo ana homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, anatetemeka kwa baridi, ana maumivu ya kiuno, ubavu au chini ya kitovu, anatapika, au mkojo wake umekuwa wa damu nzito au wenye usaha.

Kwa wazee, dalili ya kwanza huenda isiwe homa. Mzee aliyekuwa akizungumza vyema huanza kuwaita watu kwa majina yasiyo yao, kulala kutwa nzima au kukataa chakula. Jamaa husema ni uzee. Akiwa na mpira wa mkojo, kuchanganyikiwa kwa ghafla kuchukuliwe kuwa maambukizi hadi daktari athibitishe vinginevyo.

Mkojo usipotoka kwa saa nne ilhali mgonjwa anakunywa maji, kwanza iangaliwe kama neli imejikunja, mfuko umejaa au umeinuliwa. Kama sivyo, na hasa tumbo la chini likiwa limejaa na kuuma, mpira umeziba na mgonjwa ahudumiwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ana hatari ya pekee. Mpira wake ukiziba, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla, kichwa kikamgonga vikali na jasho likamtoka usoni. Hali hiyo inaweza kumletea kiharusi, na haiwezi kusubiri gari la asubuhi.

Mara chache, mfuko na neli hugeuka rangi ya zambarau. Jambo hilo limewatisha watu na kuzua minong'ono ya ushirikina. Ukweli ni kwamba rangi hiyo hutokana na baadhi ya bakteria kuchanganua kemikali zilizomo katika mkojo, hasa kwa wagonjwa wazee wenye choo kigumu. Haikuletwa na jirani. Mgonjwa aonwe na mhudumu wa afya, achunguzwe na abadilishiwe vifaa.

Dawa zisizohitajika

Kwa kuwa takriban kila mgonjwa mwenye mpira wa muda mrefu huwa na bakteria katika mkojo, kipimo cha maabara kikifanywa tu kwa desturi kitaonyesha bakteria. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu, na baadhi hununua vidonge vichache kulingana na pesa walizo nazo.

Miongozo ya kimataifa haipendekezi kumtibu mgonjwa mwenye mpira ambaye ana bakteria katika mkojo lakini hana dalili zozote za ugonjwa, isipokuwa katika hali maalumu kama vile ujauzito au kabla ya upasuaji fulani wa njia ya mkojo. Mkojo wenye harufu au uliokolea rangi pekee si ushahidi wa maambukizi. Aghalabu huashiria upungufu wa maji.

Dawa zinazotumiwa kiholela huwaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu. Siku mgonjwa atakapougua kweli, dawa ya bei nafuu haitafanya kazi. Tatizo hilo la usugu ndilo lililoifanya Kenya kuzindua mpango wa kitaifa wa kulikabili mnamo 2017.

Mgonjwa mwenye dalili apimwe mkojo katika maabara ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inawamudu. Ikiwa mpira umekaa kwa zaidi ya wiki mbili, inashauriwa ubadilishwe kwanza, na mkojo wa kupimwa utolewe katika mpira mpya. Mkojo wa mfukoni haufai kwa kipimo hicho.

Bora usiokuwepo

Kinga iliyo kamili kuliko zote ni kuutoa mpira mara tu haja yake inapokwisha. Wataalamu wanasisitiza kwamba kila siku wodini liulizwe swali moja: je, mgonjwa huyu bado anauhitaji? Kulowesha shuka pekee si sababu ya kutosha ya kumwacha mtu na mpira.

Mfano mzuri umetokana na matibabu ya nasuri. Zamani, wanawake waliofanyiwa upasuaji huo walikaa na mpira kwa majuma mawili au zaidi. Utafiti uliochapishwa mnamo 2015, uliowahusisha wanawake 524 katika nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kwa nasuri isiyo ngumu, kuutoa mpira baada ya siku saba hakukuleta madhara zaidi kuliko baada ya siku 14. Mnamo 2018, Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku saba hadi 10. Kwa mama aliyeacha watoto wadogo nyumbani, wiki moja pungufu hospitalini si jambo dogo.

Wapo pia wagonjwa wanaoweza kutumia mpira usiokaa mwilini. Hupenyezwa mara kadhaa kwa siku, mkojo ukatoka, kisha ukatolewa. Mnamo 1972, daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa wanaweza kujifanyia hivyo wenyewe kwa usafi wa kawaida wa mikono na vifaa, na wakaepuka madhara mengi. Njia hii huwafaa hasa walioumia uti wa mgongo lakini mikono yao ina nguvu, na inafaa kuulizwa kliniki.

Kwa mwenye tezi dume iliyovimba, mpira haupaswi kugeuka kuwa hukumu ya maisha. Zipo dawa za kuilegeza tezi, na baada ya siku chache za kuzitumia daktari anaweza kujaribu kuutoa mpira aone kama mgonjwa anakojoa mwenyewe. Isipowezekana, upasuaji upo. Wazee wengi huendelea kubadilishiwa mpira mwezi baada ya mwezi kwa sababu tu hakuna aliyewauliza wanachosubiri.

Ndiyo maana safari ya kubadilisha mpira isiwe ya kubadilisha mpira tu. Jamaa anayemsindikiza mzee afike na daftari lake, aonyeshe tarehe zilizomo, kisha amuulize daktari waziwazi: mpira huu utatoka lini, na ni nini kinachotakiwa ili utoke?